Maswali ya wachezaji: Wahusika wetu wakutaneje?

Barua nyingi za wanaocheza michezo ya kuigiza mezani, ile ambayo kila mchezaji ana mhusika wake, msimamizi anasimulia kisa na dadu zinaamua, safari hii zinalia jambo moja. Wahusika wametengenezwa, kisa kipo, lakini kuwakutanisha kunashinda. Nimejibu zile zilizonisumbua kichwa kidogo.

Yaya, ni mara yangu ya kwanza kuongoza mchezo. Nina muuaji wa kukodiwa, kuhani, binti mfalme na nusu-zimwi. Niliwaweka kwenye baa moja, kila mtu meza yake. Hakuna aliyemsemesha mwenzake. Nifanyeje? (Katindo)

Baa uliwapa, sababu hukuwapa. Katika Dungeons & Dragons ya kwanza, mchezo mama wa aina hii, ya mwaka 1974, swali hili halikusumbua sana: alama za uzoefu, zinazomwongezea mhusika nguvu, zilitokana zaidi na hazina aliyotoa mapangoni, na mapangoni ukiingia peke yako ulikufa. Siku hizi tunataka kila mhusika awe na ukoo wake, kisasi chake na siri yake, halafu tunashangaa kila mmoja anaposhika njia yake.

Kaeni tena kabla ya dadu kuguswa. Kila mchezaji amwambie aliye kuliani kwake: mimi na wewe tunajuana hivi. Deni, undugu, kosa mlilofanya pamoja, chochote, mradi kiwe hakijaisha. Muuaji alitumwa kumuua kuhani, akashindwa, na tajiri aliyemlipa sasa anawasaka wote wawili. Binti mfalme anamdai nusu-zimwi ng'ombe watatu. Usicheke, kwa ng'ombe watatu watu wamevuka milima.

Kisha fungua kisa kwenye jambo ambalo tayari linakwenda. Chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, inateremka mlimani na sanduku lililofungwa. Sanduku ni la binti mfalme, ufunguo anao kuhani, anayesukuma ni nusu-zimwi, na muuaji amelipwa kulilinda. Breki inakatika. Uone kama kuna atakayekaa kimya.

Mhusika wangu haamini mtu. Hula peke yake, hulala peke yake. Wenzangu wananikasirikia, lakini si ndivyo alivyo? (Himbi)

Ndivyo ulivyomuumba wewe, mdogo wangu. Kutoamini watu ni ruhusa. Kuliacha kundi kila jioni ni kuwaibia wenzako muda, maana msimamizi inabidi akuchezeshe peke yako huku wengine wakitazama simu. Tafuta mwenyewe kinachomfanya abaki hata akiwachukia. Labda wana ramani na yeye hajui kusoma. Labda mmoja wao anafanana na mdogo wake aliyepotea. Usingoje kubembelezwa.

Nikiwaanzishia gerezani? (Birere)

Unaweza. Ila mlango ukifunguka tu, sababu ya kuwa pamoja imekwisha, na umeshawanyang'anya silaha walizochagua jioni nzima. Ukishikilia gereza, basi wote wawe wamesingiziwa na mtu mmoja, na jina lake walijue.

Wahusika wanatoka nchi nne. Waongee lugha gani? (Kyeshero)

Lugha ya sokoni. Wewe unaishi Goma na unaniuliza hilo?

Nataka kianze mlima wa moto ukilipuka, watu wasiojuana wakimbie pamoja. Wazo zuri? (Majengo)

Kwa ufundi, zuri sana: hatari moja, njia moja, hakuna nafasi ya kuulizana ukoo. Lakini tuko Goma. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena, na siku chache baadaye watu wakaambiwa waondoke: wengine Sake kwa miguu, wengine Gisenyi, wengine boti ya Bukavu. Kwenye meza yako huenda yupo aliyepoteza nyumba.

Muulize kila mchezaji pembeni. Mbele ya wenzake kijana atasema "hakuna shida" hata kama shida ipo. Mmoja akisita, badilisha bila kumtaja: daraja limevunjika nyuma yao, au mto umefurika. Na kama kweli wote wameridhika, bado mimi nisingeanza na moto wenyewe, kwa sababu katika kukimbia kila mtu anarusha dadu zake na hakuna anayemtazama mwenzake. Anza asubuhi yake. Ukumbi wa shule ya mbali, mikeka, sufuria moja kwa watu kumi, na kila mhusika ameokoa kitu kimoja tu. Waulize ni kipi, kwa nini hicho na si kingine, na nani usiku alimwona akikificha. Hapo mchawi na mwizi watajikuta wanalinda mlango pamoja, na wewe hujasema neno.

Rafiki yetu amemaliza mtihani wa Serikali, anataka kuingia katikati ya kisa. (Ndosho)

Aingie na kitu wanachohitaji jioni hiyohiyo, na awe na mhusika mmoja anayemjua: binamu, au mtu waliyewahi kufanya naye biashara. Waambie wa zamani wasimhoji kama mgeni mpakani. Wanajua vizuri kwamba ataingia, kwa hiyo dakika kumi zinatosha. Kama wamekwama ziwani, awe mwenye mtumbwi. Asiwavushe bure lakini. Ataje nauli wasiyoweza kulipa, ili awafuate mpaka alipwe.