Barua kwa mwanangu: kitabu cha Kissinger na China yake

Mwanangu,

Umeuliza kama kitabu cha Henry Kissinger, aliyekuwa mshauri wa usalama wa taifa wa Rais Nixon wa Marekani, kuhusu China, kile cha 2011, unaweza kukiegemea kwenye tasnifu yako. Unaweza, kwa sehemu. Ila kitabu chenyewe hakitakuonyesha ni sehemu zipi, hata ukikirudia mara tatu.

Chukua suala la Taiwan. Julai 1971 Kissinger alisingizia kuumwa tumbo akiwa Pakistan, akaingia Beijing kwa siri na kukutana na Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai. Katika tawasifu yake ya 1979 alisema kikao cha kwanza kiligusia Taiwan kidogo tu. Mwaka 2002 kumbukumbu za kikao hicho zikawekwa hadharani: kurasa 46, na kama 9 kati yake ni Taiwan. Na si kugusia huko. Alimhakikishia Zhou kwamba Marekani haiungi mkono China mbili, wala China moja na Taiwan moja (yaani Taiwan kama nchi ya peke yake), jambo ambalo wenyeji wake walilitaka kuliko yote. Kwa nini alipunguze? Kwa maoni yangu, jibu liko kwenye tarehe. Marekani ilihamisha uhusiano wake wa kibalozi kutoka Taiwan kwenda Beijing Januari 1979, na marafiki wa Taiwan pale Washington walikuwa wamekasirika. Nani angependa kuandika kwamba alianza kulegeza kamba siku ya kwanza?

Kwa hiyo kila anapoelezea kikao, andika pembeni tarehe na waliokuwepo, kisha tafuta kumbukumbu zake. Mkusanyo wa hati uitwao Foreign Relations of the United States unasomwa bure kwenye tovuti ya history.state.gov, juzuu ya 17 ya miaka 1969–1976 ni ya China hadi 1972. Kikao nilichokutajia ni hati namba 139. Usiruke orodha ya wahudhuriaji pale juu. Alipokutana na Mao, kiongozi wa China, Februari 1972, Nixon aliongozana na Kissinger na msaidizi wake Winston Lord. Waziri wa Mambo ya Nje, William Rogers, hakuwemo, na mkalimani alikuwa wa Wachina. Maana yake ni kwamba maneno ya Mao yamepita kwa mkalimani wa upande mmoja na kuandikwa na upande mwingine, na mwandishi alikuwa mtu wa Kissinger mwenyewe. Kumbukumbu nazo zina mwenyewe, usizifanye msahafu. Upande wa China ni mgumu zaidi: wizara yao ya mambo ya nje ilifungua nyaraka zake kwa watafiti 2004, kisha miaka michache baadaye ikazibana tena.

Pale ambapo Kissinger hakuwepo kabisa, punguza imani. Anaeleza mkakati wa Wachina kwa wei qi, mchezo wa ubao wa Kichina wa kuzingira polepole, akiulinganisha na sataranji ya Wazungu. Inavutia, na wanafunzi wanainukuu mno. Lakini mchezo hauthibitishi kiongozi fulani aliwaza nini mwaka fulani. Hiyo inataka hati.

Halafu kuna biashara. Tangu 1982 alikuwa na kampuni ya ushauri, na Desemba 2002 alijiuzulu uenyekiti wa tume ya kuchunguza mashambulizi ya Septemba 11 badala ya kutaja wateja wake. Hilo halimfanyi mwongo. Ila ukifika kwenye sura ya Tiananmen, pale Beijing waandamanaji walipokandamizwa kwa jeshi 1989, angalia anavyopima maneno, na ukumbuke kwamba aliendelea kupokewa na viongozi wa Beijing hadi uzeeni.

Kwenye tanbihi zako, jambo linalotoka kwake peke yake liandikie “Kissinger anadai”. Kumbukumbu zikikubaliana naye, taja kumbukumbu kwanza, yeye baadaye. Zikipingana, weka zote mbili pamoja na mwaka wa kila moja, ili msomaji aone nani aliandika lini.

Mzazi wako