Julai ya Serengeti sio Julai ya Rupununi: kwa nyie mnaoanza deski ya Guyana

Jana jioni nimekaa na kotesheni tatu za safari za Guyana, kule Amerika Kusini, zilizoandikwa na vijana wetu wapya na zote zina makosa yaleyale ya siku zote. Moja imempeleka mgeni maporomoko ya Kaieteur asubuhi ya siku ileile anayoruka kurudi kwao usiku. Ya pili ina lodji ya Rupununi, ile mbuga ya kusini, mwezi wa saba, pembeni imeandikwa hai sizoni. Ya tatu dereva anampokea mgeni uwanja wa Ogle wakati ndege ya mgeni inatua Timehri. Nawapenda, mnajituma kweli, mpaka wikiendi mnajibu imeili, ila hapa tusemezane. Wengi wenu mmetokea Arusha na Nairobi kama mimi, ujuzi ule ni mali, na ndio huohuo unaotuponza huku.

1. Viwanja ni viwili. Cheddi Jagan iko Timehri, kama kilomita 40 kusini ya Georgetown, ndiko zinakotua ndege kubwa. Ogle iko ubavuni mwa mji, ndiko zinakoondokea ndege ndogo za kwenda bara. Chukulieni kama JKIA na Wilson. Na chumba cha Georgetown shikeni kwanza kabla hamjagusa kitu kingine, tangu mafuta ya baharini yaanze kutoka mwishoni mwa 2019 hoteli nzuri zinajaa watu wa mafuta na bei sio zile tena.

2. Mizigo kwenye hizo ndege ndogo ni ratili 20, kama kilo 9 tu. Sisi tumezoea kilo 15 za kwenda Seronera, kwahiyo mkono unaandika 15 wenyewe. Na mgeni mwenyewe pia anapanda kwenye mizani, mwambieni mapema na kwa upole, asije kukutana nayo kaunta mbele za watu.

3. Mvua. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa na miezi minne kwenye deski hii. Kulikuwa na mama mmoja, daktari mstaafu, miaka 74, yeye na mumewe walikuwa wamebuki Februari, faili nimelirithi kwa dada aliyehamia deski nyingine na lilikuwa limepangwa vizuri sana. Siku moja mama akapiga, mjukuu wao anatarajiwa Februari, je, Julai inafaa? Nikamjibu palepale, Julai ni nzuri kabisa mama, ndio msimu wenyewe. Sikufungua kitu chochote. Miaka tisa ya Arusha ilikuwa imeniingia kwenye damu, ukinitajia Julai naona vumbi, naona nyasi zimekauka na nyumbu wanaelekea Mara. Nikabadilisha tarehe, nikatuma invoisi, nikaenda kula.

Sasa sikieni. Pwani ya Guyana ina mvua mara mbili kama masika na vuli zetu, moja Mei mpaka katikati ya Agosti na nyingine Desemba mpaka Januari. Rupununi kule kusini ina masika moja tu lakini ni masika haswa, Mei mpaka Agosti, na Juni na Julai ndio yanakolea. Ile mbuga yote inageuka maji. Maji ya upande wa mto Essequibo yanakutana juu ya nyasi na maji yanayoteremkia Amazon, samaki wanatoka huku wanaingia kule. Ni kitu cha ajabu na kuna wageni wanaofuata hilohilo, lakini lazima uwe umewaambia kwamba watatembea kwa boti.

Mimi sikuwaambia. Walitua Lethem, mji mdogo wa Rupununi, gari lililotumwa kuwachukua likafika kwenye kijito likashindwa, wakarudi wakalala siku mbili kwenye gesti ya mjini, siku ya tatu ndio wakafikishwa lodji kwa maji. Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba mwenzetu wa kule alikuwa ameandika kwenye imeili yake, mstari wa tano, Julai tunatumia boti na mnyama mnayemtaka ni vigumu kumfikia. Nilisoma bei, huo mstari nikaupita.

Mnyama mwenyewe ni mla-mchwa mkubwa. Sio muhanga wetu, yule ni kitu kingine, pua mpaka mkia anafika mita 2. Mama alikuwa amekata picha yake gazetini akiwa msichana. Safari yote ile, hela yote ile, ilikuwa kwa ajili ya huyo mmoja, na mbuga anayotembea ilikuwa chini ya maji. Akanipigia usiku, nasikia mvua nyuma ya sauti yake. Hakugomba. Akauliza swali moja, wewe umeshafika huku? Nikasema hapana. Akasema ahsante kwa kusema kweli, akakata simu. Hela tulirudisha sehemu. Hakusafiri tena na sisi.

Februari iliyofuata nikachukua likizo yangu nikaenda. Alfajiri vaquero, wale wachunga ng'ombe wa kwenye farasi, walitangulia kumtafuta, sisi tukafuata na mwongoza wageni wa Kimakushi, wenyeji wa kule. Tulipomwona mnyama kwa mbali, mwongozaji akaokota vumbi, akaliachia lianguke taratibu katikati ya vidole, halafu akatuzungusha kulia mpaka upepo ukawa unatupiga usoni, maana yule mnyama macho yake ni hafifu lakini pua inanusa mbali. Akapita kama hatua 30 kutoka tulipochuchumaa, mkia kama ufagio wa chelewa, anaburuza, anasimama, anachimba kichuguu. Wenzangu walikuwa wanalia kwa furaha. Mi nilikuwa namfikiria mama yule, alipaswa kuchuchumaa pale nilipokuwa mimi.

4. Neno luxury. Msiandike nyota tano kwa lodji za bara. Nyingi ni banda zuri la matofali ya udongo, hamoki barazani, umeme wa jua, chakula meza moja na wenyeji. Karanambu, lodji ya Rupununi, ilikuwa ranchi ya ng'ombe, na Diane McTurk aliwalea pale fisi maji wakubwa waliopoteza mama zao. Mgeni anachonunua ni mwongozaji anayemjua kila ndege kwa sauti, chata yake mwenyewe, yaani ndege ya kukodi peke yake, na siku moja tupu ndani ya itinerari ya kumeza mvua. Hiyo siku tupu ndio bidhaa yetu ghali kuliko zote, na ndiyo mnayoikata ya kwanza ili bei ipungue!

5. Kaieteur. Mita 226 kwa mruko mmoja, na mara nyingi hapo juu mpo nyie tu. Ndege za viti vya kuchangia zinasubiri abiria watimie, wasipotimia hairuki, ukungu ukishuka bondeni hairuki pia. Kwahiyo chata, na iwe mwanzoni mwa safari. Ile kotesheni ya kwanza ya jana msiitume bado. Kaieteur iende siku ya tatu, ya nne muiache wazi, halafu mniletee niione kabla ya saa nane.