Tahadhari ya mtandao ikikuamsha usiku, iwe na kazi ya kukupa

Wenzangu mnaosimamia mitandao hapa Bukavu na vijijini kwetu, msiviache viwango vya tahadhari kama programu ilivyovileta. Chukua Zabbix, programu ya kufuatilia mitandao: kipimo chake cha pingi (kutuma ujumbe mfupi kwa kifaa na kungoja jibu) hutoa onyo jibu likichelewa kupita milisekunde 150. Kati ya Ibanda na Kadutu hiyo ni sawa kabisa. Lakini kituo cha Shabunda kinachotumia satelaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta hujibu kwa milisekunde 600 hivi, hata siku ambayo kila kitu ni kizima. Onyo lake litawaka Januari hadi Desemba, na fundi atazoea kulipita bila kulisoma. Siku kituo kitakapougua kweli, hakuna atakayejua.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika namba yoyote, uache mtandao wako ujieleze wiki mbili. Tazama saa 4 asubuhi ofisi zikijaa, tazama usiku, tazama mvua ikinyesha. Kisha kwa kila kiwango ujiulize: hiki kikivukwa, nani atainuka, na atafanya nini? Kama jibu ni "tutaangalia kesho", basi kisitume ujumbe kwa simu. Kibaki kwenye grafu.

Kwa kwetu hapa, kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni volti za betri za mnara. Umeme wa mabwawa ya mto Ruzizi unakatika. Mara nyingine ni taka za plastiki kutoka ziwa Kivu zimeziba mitambo. Betri ya asidi ya volti 12 iliyotulia husoma kama 12.7 ikiwa imejaa, na kama 12.2 ikiwa imefika nusu. Minara yenye betri nne mfululizo, nusu ni kama 48.8. Ikiwa inabeba mzigo husoma chini kidogo, kwa hiyo pima yako ikiwa kazini. Onyo la kwanza mimi naliweka hapo kwenye nusu. Wengi huliweka chini zaidi wakiogopa kelele, nami sikubaliani nao: kutafuta mafuta ya jenereta na kuyapandisha mlimani kwenye matope huchukua saa kadhaa, na betri inayoshushwa chini ya nusu kila mara haidumu.

Kuna mtego hapa. Umeme ukirudi dakika kumi tu, chaja inasukuma volti hadi 54, onyo linajifuta, kila mtu analala. Betri bado ni tupu! Ndiyo maana kiwango cha kuwaka na cha kuzima visiwe kimoja. Onyo liwake volti zikikaa chini ya 48.8 kwa dakika tano, lakini lizime pale tu chaja imefanya kazi saa kadhaa bila kukatika. Hilo moja limetuokolea betri nyingi.

Kwa antena, usitumie namba moja kwa zote. Andika nguvu ya mawimbi ya siku ulipoifunga, tuseme −58 dBm (kizio cha nguvu hiyo), na onyo litoke ikishuka desibeli 6, yaani hadi −64, na kubaki huko saa nzima. Ikishuka ghafla mvua inaponyesha kisha ikarudi, ngoja, hasa kwa masafa yanayozidi gigahezi 10; yale ya gigahezi 5 mvua haiyasumbui sana. Ikishuka na hairudi hata jua likiwaka, huenda upepo umeigeuza antena: panda na spana.

Mnara mkuu ukianguka, vyote vilivyo nyuma yake vitalia pamoja. Iambie programu nani anamtegemea nani, upate ujumbe mmoja unaotaja mnara, na chini yake mstari mmoja wa maelezo: ufunguo wa geti uko kwa nani, kubeba nini.

Ujumbe wenyewe usipitie intaneti ileile iliyokufa. Seva yetu ya ufuatiliaji ina betri yake na modemu yenye laini ya simu. Kila mwezi tunachomoa kebo ya intaneti makusudi, tuone kama SMS inafika. Na kabla ya kuchomoa, angalieni salio la laini.