Kongamano la TYCS likizo ya Juni: mtoto anashindaje huko?

Dada uliyeuliza kuhusu binti yako wa kidato cha tatu, kama huko kwenye kongamano la TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki Tanzania, "wanashinda wakiimba tu au kuna la maana", nakujibu kama mtu aliyepita huko akiwa mwanafunzi na sasa ni mwalimu mlezi. Kuimba kupo, tena kwingi. Ratiba hutofautiana jimbo na jimbo la Kanisa, lakini siku yenyewe haiachani sana na hii.

Kengele inalia saa 11 alfajiri. Wanalala madarasani, madawati yamesukumwa ukutani, wasichana na jengo lao, wavulana na lao, na walezi wa kike wanalala humohumo na mabinti. Foleni ya bombani ndiyo vurugu ya kwanza ya siku. Mwenye ndoo yake ni tajiri. Masifu ya asubuhi, Misa, halafu uji. Kuanzia hapo ni mada mpaka sala ya Malaika wa Bwana saa 6 mchana: wito, mahusiano, afya ya uzazi, kuchagua tahasusi (mchepuo wa masomo ya kidato cha tano). Kusema kweli mada huwa nyingi mno. Mtoa mada akipewa saa moja anachukua mbili, na ukumbi mzima unamtazama mpishi.

Chakula ni ugali maharage, pilau siku ya kufunga. Vyombo vinaoshwa kwa zamu, na zamu haijali mtoto katoka shule ya ada ya mamilioni au shule ya kata. Mimi hapo ndipo napapenda.

Sasa hayo makundi ya alasiri ndiyo yanayonifanya nimwambie kila mzazi amruhusu mtoto. TYCS inafuata njia ya Ona, Amua, Tenda, iliyotoka kwa Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji aliyeanza na vijana wa viwandani miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, akaja kufanywa kadinali mwaka 1965. Ndiyo njia hiyohiyo ya VIWAWA, vijana Wakatoliki wafanyakazi. Kundi linachagua jambo la shuleni kwao, siyo la Biblia wala la dunia. Tuseme wa kidato cha kwanza wanaofulishwa nguo na kaka zao bwenini. Kwanza wanaeleza wanachokiona: nani anafanya, nani anaumia, nani anajua na kanyamaza. Hapo huwa kimya kirefu, maana wengine waliokaa kwenye duara ndio hao wanaofulisha. Kisha wanasoma Injili na kulipima jambo lao. Mwisho, watafanya nini.

Kwenye Tenda makundi yote huandika "tutaelimisha jamii". Mlezi mzuri analikataa hilo karatasi. Anauliza: nani, lini, ataanza na nani? "Tutaomba" nalo analirudisha, anasema kuomba mtaomba, sasa mtafanya nini? Nimeona mabinti waoga kuliko wote wakitoka na mpango wa mistari mitatu na kwenda kuutekeleza shuleni Julai. Mada ya saa mbili haijawahi kunipa hicho.

Baadaye mpira, rozari, chakula, na usiku ama maigizo na ngonjera ama kuabudu Ekaristi, mapadre wakiwa pembeni kwa ajili ya kitubio. Taa zinazimwa saa 4, kinadharia.

Majimbo ya karibu na Pwani huwapeleka hija Bagamoyo, walikofika Wamisionari wa Roho Mtakatifu mwaka 1868 na kuanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa. Mwambie asikilize vizuri kwenye ule mbuyu uliomeza mnyororo, maana watoto wengi hurudi wakisimulia kuwa ulikuwa wa watumwa, kumbe ulifungiwa punda.

Akiwa kidato cha nne ningesema abaki asome. Wa tatu aende. Mpe godoro jembamba, shuka, chandarua, sahani, kikombe, sketi zinazopita magoti, kadi ya bima, na kama ana pumu au vidonda vya tumbo uandike kwenye fomu ya ruhusa, usimwachie aseme mwenyewe. Simu zinakusanywa getini. Chukua namba ya mlezi wao, na usimpigie wakati wa Misa.