Krismasi Hii Fuata Maji: Kwa Wanaotafuta Ndege wa Pwani ya Dar

Dada mmoja wa Kimara ameniandikia kwa uchungu. Anasema aliamka saa kumi alfajiri siku ya pili ya Krismasi, akapanda daladala mbili mpaka Kunduchi Mtongani, akamalizia na bodaboda hadi pwani, akakaa mpaka saa tano. Aliambulia kunguru na yangeyange wawili. "Kaka," ameuliza, "hao ndege wa Siberia unaowasifia kila Desemba wako wapi?"

Dada yangu, ndege hao wahamao, wanaokuja pwani yetu kukimbia baridi ya kwao, walikuwepo, tena wengi. Ila walikuwa mbali, kwenye ukingo wa maji, na wewe ulikuwa ufukweni huku jua likikuchoma machoni. Nimeangalia jedwali la maji ya siku ile: lilikuwa bamvua, yaani siku za maji makubwa, yanayojaa sana na kupwa sana. Hapa Dar, siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi hivi, na hujaa kwenye saa kumi jioni. Saa nne ile bahari imerudi nyuma, tope na mchanga vimeachwa wazi, na ndege wametawanyika kote huko wakila. Ukiwatazama kwa macho matupu unaona vidoa tu.

Nasema haya kwa sababu wengi wetu tumefundishwa kwamba ndege huangaliwa alfajiri. Msituni ni kweli. Pwani, saa ya ndege inawekwa na mwezi. Siku ya mwezi mwandamo na siku ya mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ndizo za bamvua. Nenda pwani saa saba mchana, kaa ukisubiri. Maji yakianza kupanda yatawasukuma ndege kuja kwako hatua kwa hatua, na kwa kuwa bahari yetu iko mashariki, mchana huo jua linakuwa mgongoni mwako na kila unyoya unaonekana. Saa nane mpaka saa tisa na nusu ndiyo yenyewe. Ni joto la kaskazi, najua. Vaa kofia, beba maji ya kunywa.

Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi lakini hayapandi sana, na ndege hawasukumwi. Siku hizo mimi hubaki nyumbani na familia, tukala pilau.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika. Miaka kadhaa iliyopita, msimu kama huu, wenzangu wote wa mtaani walikuwa wamekwenda kwao, wa Moshi wamekwenda Moshi, wa Bukoba wamekwenda Bukoba, jiji limepoa. Nilikwenda peke yangu upande wa mikoko na darubini yangu ya mtumba niliyoinunua Kariakoo. Maji yakiwa yanajaa, kwenye ulimi wa mchanga walitua ndege weupe, wenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene kupita kiasi kwa ndege wa umbo lile. Mmoja akamkamata kaa, akampondaponda, akammeza. Nilijua hapo hapo. Ni yule mla kaa, kwa jina la kisayansi Dromas ardeola, ambaye hana ndugu wa karibu duniani, yuko peke yake katika familia yake. Huzaliana huko Oman, Iran na pwani nyingine za Uarabuni na Bahari ya Shamu, na huchimba shimo mchangani akataga humo yai moja tu, jeupe. Kisha anashuka kuja kwetu. Nilitetemeka mikono, nikawahesabu mara mbili ili niwe na hakika.

Jioni ile nikawapelekea taarifa waangalizi fulani wenye uzoefu. Jibu lilikuwa fupi: huenda umeona yangeyange. Nikaeleza mdomo, nikaeleza mgongo, nikaeleza alivyokula. Nikaulizwa picha iko wapi. Sikuwa na kamera. Haukupita muda mrefu, mtu mwenye lenzi ndefu akawapiga picha ndege wale wale, mahali pale pale nilipowaelekeza, na sifa zote zikawa zake. Jina langu halikutajwa. Leo baadhi yao hunipigia simu kuniuliza maji yakoje, nami huwajibu vizuri, lakini siwezi kusema kwamba sikuumia.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayeanza na darubini ya mtumba: inatosha. Ikiwa imeandikwa 8x42 (inakuza mara nane, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42) au karibu na hapo, na haikupi picha mbili mbili, nenda nayo. Kinachohitajika zaidi ni kujua cha kutazama, maana Desemba rangi hudanganya. Karibu wote wamevaa kijivu cha majira haya. Kuna kitwitwi atokaye Taimyr kule Siberia, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka hapa, ambaye ikifika Aprili, kabla ya kuondoka, anakuwa mwekundu kama tofali. Desemba ni mdogo wa kijivu tu. Basi tazama mdomo na mwendo. Mdomo wa kitwitwi huyo umepinda kidogo kuelekea chini. Mwingine mdomo wake umepinda kuelekea juu, ana miguu mifupi ya njano, na hukimbia huku na huku bila kutulia. Yule anayepindua mawe na mwani kutafuta chakula utamjua kwa kazi yake. Kuna mmoja mnene, mwenye macho makubwa, ambaye husimama, hukimbia hatua chache, husimama tena: akiruka tazama makwapa, ni meusi. Sululu ana mistari kichwani na mdomo mrefu uliopinda chini, na huyo anapenda kaa pia. Jifunze mmoja kwa siku. Ukimjua vizuri, kesho mwingine.

Na sasa niwaombe jambo wote mnaoshuka pwani sikukuu hizi, waangalizi na wasio waangalizi. Maji yakijaa, chakula cha ndege hawa kimefunikwa. Wanasongamana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki au kwenye mashamba ya chumvi, wanapumzika wakisubiri. Wanakula mchana na wanakula usiku, wakifuata maji, kwa sababu ikifika Aprili lazima wawe na mafuta ya kutosha mwilini ya kuwafikisha kaskazini. Kila unapomtuma mtoto awakimbilie ili wapeperuke upate video, unawachomea akiba hiyo. Wazazi, tuwafundishe watoto kusimama na kutazama. Wapiga picha, na nyinyi pia. Nimeona watu wazima wakilisogelea kundi mpaka likaruka lote, wakafurahia picha ya mabawa. Hiyo haipendezi. Kaa chini, tulia, watakuja wenyewe. Na tuache kukata mikoko kwa kuni na nguzo. Tope lile linalonuka chini ya mchu na mlilana ndilo linalolisha kaa, na kaa ndio wanaolisha ndege.

Usiende peke yako sehemu zilizojificha. Wasalimie wavuvi na akina mama wanaookota chaza, waeleze unachofanya. Wao ndio wanaojua ulimi upi wa mchanga huzama mwisho. Pwani ikijaa watu tarehe moja Januari, ndege huhamia upande wa mikoko, nenda huko.

Halafu andika. Marekani, Krismasi ya mwaka 1900, Frank Chapman aliwaomba watu wahesabu ndege badala ya kuwawinda siku hiyo. Walikuwa watu 27 katika sehemu 25, na hesabu ile inafanyika hadi leo. Ndege wa maji nao huhesabiwa Januari katika nchi nyingi duniani tangu 1967. Ya kwako pia ina thamani, hata asipokuamini mtu. Andika tarehe, saa, mahali, maji yalikuwa yanajaa au yanapwa, ndege gani na wangapi, kisha ingiza kwenye eBird, tovuti na programu ya simu ya kuwekea kumbukumbu za ndege, siku hiyo hiyo kabla hujasahau. Ukiona ndege mwenye pete au kibendera mguuni, alichovishwa na watafiti ili wamtambue, andika rangi yake, mguu wa kulia au wa kushoto, juu ya goti au chini.