Nikifa, makaratasi ya ukoo yataishia jalalani?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga. Nimekusanya habari za ukoo wetu kwa muda mrefu: madaftari 9, kaseti 14 za sauti za wazee ambao wote wameshatangulia mbele ya haki, barua za babu za hati za Kiarabu, na picha. Wanangu hawana habari nazo. Mpwa wangu anasema ataweka kila kitu kwenye flashi, yaishe. Nimwachie nani?*

Marahaba, mwalimu. La nani tutalifikia, ila kaseti hazina subira. Daftari likikaa pakavu litamfikia mjukuu. Utepe wa kaseti kwa unyevu wa pwani huota ukungu, na unga wake wa sumaku ukibanduka sauti imekwenda. Anza na hizo. Vunja vijipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, asije mtu akarekodi juu yake. Ukiona vumbi jeupe kwenye utepe usiucheze, maana ukungu utahamia kwenye redio na kaseti nyingine, tafuta fundi. Zilizo safi zipeleke mbele mpaka mwisho, uzirudishe, ndipo ucheze. Unganisha redio na kompyuta kwa waya, usiweke simu mbele ya spika. Rekodi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti, na kwenye programu ya kurekodi chagua 48 kHz, biti 24. Saa moja ya stirio hula kama GB 1. MP3, faili dogo lililobanwa, ni ya kutumiana tu. Kaseti zenyewe usizitupe.

Mpwa wako ana nia njema, lakini flashi moja si hifadhi. Hupotea, na ikikaa miaka kabatini bila kuchomekwa inaweza kusahau kilichomo. Nakala ziwe tatu: diski ngumu ya nje hapo nyumbani, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine, ya tatu mtandaoni. Diski zifunguliwe kila mwaka. Ya mtandaoni ina mtego wake: Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2, na laini yako ya simu ikifungwa hakuna atakayepokea namba ya uthibitisho. Kwenye mipangilio ya akaunti kuna mahali pa kumtaja mtu atakayepewa vilivyomo ukinyamaza muda mrefu. Pajaze wiki hii.

Picha na barua zitoe pini, zitashika kutu. Usizipige laminesheni kamwe. Gundi ile haitoki tena. Skani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Barua za babu zinahitaji msomaji wa hati hizo sasa hivi, azinakili neno kwa neno kwa herufi za Kirumi, kwani wanaozisoma wanapungua.

Madaftari ndiyo yenye kazi. Wewe unajua Salim bin Ali yupi ni yupi. Mjukuu hatajua, kwa kuwa jina la babu hurudi kila kizazi. Kila mtu mpe namba. Kila habari andika nani aliisema, lini na wapi. Mzee akisema alizaliwa mwaka wa vita vya Tanga, acha maneno yake yalivyo, halafu pembeni andika 1914, ijulikane hesabu ni yako. Siri za watu walio hai ziwe katika bahasha ya peke yake, yenye mwaka wa kufunguliwa.

Sasa nani. Usiangalie mkubwa wala msomi. Angalia anayeuliza maswali, na wawe wawili, mmoja awe kijana. Huyo mpwa aliyejitokeza mwenyewe mimi ningemshika. Juu ya sanduku weka ukurasa mmoja: nini kiko wapi, nakala ziko kwa nani, akaunti inafunguliwaje. Kisha mwite, mwambie atafute barua fulani na sauti ya bibi fulani bila kukuuliza neno. Kila anapokwama, ongeza mstari kwenye ule ukurasa.