ULIZA DEREVA: Bimkubwa, watoto na RV mpaka Jasper

SWALI: Habari dereva. Naishi Calgary mwaka wa nne sasa na mke wangu na watoto wawili, mmoja miaka 8 mwingine 11. Julai bimkubwa anakuja kutoka Rombo, ana miaka 71, miguu inamsumbua kidogo ila kutembea anapenda, nikaona nikodi RV, lile gari la kulala ndani, tupite naye Icefields Parkway, barabara ya milimani toka Lake Louise mpaka mji wa Jasper. Jamaa wa kazini anasema ni kilomita 230 tu kutoka Lake Louise, unaenda na kurudi siku moja. RV sijawahi kuendesha, nichukue ya futi ngapi? Na watoto wanataka kuogelea kwenye mito ya barafu, wataweza?
Baba Wawili, Calgary

JIBU: Baba Wawili, kwanza nifikishie shikamoo kwa bimkubwa. Huyo jamaa yako kilomita hajakosea, kakosea siku. Mwendo wa mwisho pale ni 90 kwa saa lakini na RV hutaufikisha muda wote, kila kona kuna kitu cha kusimamia, halafu mtoto mkojo, mama chai. Weka siku tatu, na sehemu za kulala buku mapema kabisa maana Julai zinajaa.

Gari chukua futi 24 au 25, mtu tano mnaenea. Kubwa zaidi ya hapo itakutesa kwenye parkingi, na ukikata kona kumbuka mkia wa nyuma unafagia upande wa pili, gonga za wageni wengi zinatokea hapo. Mafuta jaza fulu Lake Louise kwa sababu njiani kituo ni kimoja tu, Saskatchewan River Crossing, na bei yake utaisikia. Simu sehemu kubwa ya njia haishiki kwahiyo ramani ipakue nyumbani.

Sasa mlima. Mkiwa mnarudi kusini, mkishaipita Columbia Icefield, ule uwanda mkubwa wa barafu, kuna mteremko mrefu una kona moja kubwa sana. Kama umewahi kushuka Kitonga unajua nasemea nini. Ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka, acha injini ikushikie gari, usikanyage breki mwanzo mpaka mwisho. Mimi nimeendesha malori Dar–Tunduma miaka mingi na bado safari yangu ya kwanza na RV nilizembea hapo, breki zikaanza kunuka, watoto wangu wako nyuma. Nilisimama pembeni dakika arobaini nzima mikono inatetemeka.

Kuhusu kuogelea nakujibu kama mzazi mwenzio, mtoni hapana. Watu wanamuogopa dubu, na kweli dubu kaa naye mbali mita 100, lakini mimi kinachonitisha zaidi ni maji. Mito ile inalishwa na barafu, na barafu inayeyuka na jua, maana yake asubuhi mto mdogo, jioni mto mwingine kabisa. Tuliwahi kusimama kando ya mto Sunwapta saa tatu asubuhi, pale unapogawanyika vijito vingi kwenye kokoto, tukavuka kijito maji yanafika vifundoni, tukakaa upande wa pili tunapiga picha tunakula, kugeuka saa kumi jioni kijito kile kile kinanifika magotini na nasikia mawe yanagongana chini ya maji. Mvua haikunyesha hata tone. Nilimbeba mdogo mgongoni, mkubwa nimemkamata mkanda wa suruali, na hatua ishirini zile miguu ilikufa ganzi sikuwa naihisi kabisa. Kwahiyo waache wachovye vidole pale Bow Lake, iko barabarani kabisa na bimkubwa hatapata shida ya kupanda, warushe mawe, wafurahi.

Wakiuliza mbona maji ya buluu kama yamepakwa rangi, waambie barafu ikitembea inasaga mwamba mpaka unga laini, ule unga unaelea kwenye maji na mwanga ukiupiga ndio unarudi rangi ile. Na wakishapita Sunwapta Pass, pale barabara inapovuka mgongo wa mlima, waonyeshe kwamba mito imegeuka, North Saskatchewan unaenda mashariki mpaka Hudson Bay, Athabasca unaenda kaskazini mpaka bahari ya Aktiki, wote barafu yao inatoka hapo hapo Columbia Icefield.

Athabasca Glacier, ulimi wa barafu unaoshuka toka Icefield, msipande wenyewe, barafu ina nyufa ndefu zilizofunikwa na theluji juu na watu wamekufa pale, lipieni waongozaji au angalieni kwa mbali. Ila mpeleke bimkubwa asome vile vibao vya miaka vinavyoonyesha barafu ilikuwa imefika wapi zamani. Imerudi nyuma zaidi ya kilomita moja na nusu tangu katikati ya karne ya 19. Mtu wa Rombo ambaye ameitazama Kibo ikipungua tangu akiwa msichana huna haja ya kumweleza kitu pale, nyamaza tu umsikilize, na watoto wawe karibu. Mbebee sweta zito na blanketi, usiku wa Julai kule baridi ni ya kweli.

SWALI: Tulisikia Jasper iliungua. Kuna haja ya kufika huko au tugeuzie Icefield?
Mama K, Edmonton

JIBU: Fika, mama. Moto wa Julai 2024 ulichukua karibu theluthi ya majengo ya mji, na miti myeusi utaiona pande zote unapoingia, inauma kuangalia. Lakini mji upo, watu wamerudi na wanafanya kazi. Kabla ya kuondoka angalia kama wamekataza kuwasha moto wa nje, wakikataza nyama choma iache, pika ndani kwenye jiko la gesi. Na mkate, maziwa na mafuta ya kurudia nunua pale pale mjini.